Msimuuzie mtu shokwevu kabla hajavua kiatu

Jamani hii biashara ya shokwevu, ile tiba ya mashine inayogonga panapouma, imenichosha. Kila nikifungua simu ni tangazo la mawimbi ya mshtuko, kisigino, goti, bega, kiuno, vyote vinatibiwa na kile kichwa kimoja kinachogonga tatatata, lipia vikao sita leo upate punguzo. Sasa imefika mpaka kwetu. Shangazi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anasimama kutwa kwenye sakafu ya sementi, na siku hizi akiamka hatua za mwanzo ni kama anakanyaga msumari, akitembea kidogo panaachia, jioni panarudi. Waliopitia wanaujua ule utando wa chini ya unyayo ukishachoka. Kaenda kliniki moja hapa mjini, kapigwa eksirei, kaambiwa kuna mfupa umeota kisiginoni na mawimbi yatauvunja, alipe pakeji nzima.

Nikampigia. "Shikamoo shangazi, walikuuliza dawa unazokunywa?"

"Marahaba mwanangu. Hawakuuliza, hata kiatu sikuvua."

Shangazi aliwahi kupata damu iliyoganda mguuni, mpaka leo anakunywa dawa za kuzuia damu isigande. Hicho ni kitu cha kuuliza kabla mashine haijawashwa, sawa na ujauzito, sawa na uvimbe wa saratani sehemu inayotakiwa kugongwa. Swali moja tu! Halafu huo mfupa wenyewe, watu wengi wanao na hawaumwi chochote, na shokwevu haiuvunji. Mawimbi ya kuvunja ni yale ya mawe kwenye figo, yalianzia kwa Wajerumani kule Munich 1980, ndo baadaye yakahamia kwenye kano na visigino kwa nguvu ndogo zaidi, na huku kazi yake ni kuchokoza sehemu iliyochoka ianze kujijenga na kutuliza neva za maumivu. Tena mashine nyingi za mitaani ni zile za hewa ya kompresa, kipande cha chuma kinasukumwa ndani ya bomba la mkononi kinagonga kichwa cha mbele, nguvu inaishia juu juu.

Haya, nakubali inasaidia. Wapo niliowaona wametembea vizuri baada ya kuteseka mwaka mzima, na Marekani waliruhusu mashine ya kwanza ya kisigino tangu 2000. Ila waliiruhusu kwa maumivu yaliyokaa miezi 6 au zaidi na tiba za kawaida zikagoma. Hiyo ndo sehemu ambayo matangazo hayaisemi.

Na tiba yenyewe ya kawaida haina gharama, ndo kinachoniuma. Shangazi nimemwelekeza hivi: kunja kitenge kiwe kama roli nene, kiweke kwenye ukingo wa ngazi, vidole vya mguu vikae juu yake vikiwa vimepinda kwenda juu, kisigino kining'inie nje. Shika ukuta. Panda kwa mguu unaouma taratibu kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Siku moja unafanya, siku inayofuata unapumzika, ukizoea unavaa begi lenye vitabu mgongoni. Kuna utafiti wa Denmark wa 2015 uliolinganisha zoezi hili na kunyoosha tu, na baada ya miezi 3 wa zoezi walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Maumivu ya nyuma ya kisigino, kwenye ile kano kubwa, nayo yana zoezi lake la kushuka taratibu, na hata ukipigwa shokwevu ukarudi nyumbani bila zoezi, kano inabaki dhaifu vile vile.

Sindano za steroidi, zile za kupunguza uvimbe na maumivu, sitaki hata kuzizungumzia, nafuu ya wiki chache, ukizirudia rudia utando unaweza kuchanika.

Kwa hiyo nyie wataalamu wa fizio, yaani tiba ya viungo, mlionunua hizo mashine, najua ni ghali na lazima hela irudi. Mvueni mgonjwa kiatu, bonyezeni kisigino, ulizeni dawa anazokunywa, mpeni zoezi siku hiyo hiyo, na mwambieni ukweli kwamba hata mawimbi yakifanya kazi atasubiri kama miezi 3 kuona matokeo kamili. Na shangazi arudishiwe hela yake, amelipia vikao ambavyo hakutakiwa kuandikiwa.