Daktari wa Barabara ya 12

Idi pili nilikuna nazi 15 barazani kwa shangazi yangu, Ngamiani, huku wapita njia wa Barabara ya 12 wakipunguza mwendo wa baiskeli ili waone vizuri. Na Tanga mnaijua kwa baiskeli. Ilikuwa kama nimekalishwa kwenye mbuzi katikati ya mashindano.

Chanzo chake ni majivuno yangu na herufi moja.

Mimi kwenye gemu za ngumi ni mhenga. Tekken 3 ilipokuja kwenye PlayStation mwaka 1998, sisi ndio tuliokuwa tunaiba muda wa chuo kwenda kuicheza. Kila kiungo na kitufe chake: mkono wa kushoto, wa kulia, mguu wa kushoto, wa kulia. Na tulikuwa na sheria: hakuna kumchagua Eddy Gordo, yule mcheza kapoera, maana hata mtu aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza akibonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo, Eddy anazunguka kama pia na wewe uliyejifunza mwezi mzima uko chini unahesabu nyota. Tulimwita mwizi.

Lakini fahari yangu kubwa ni Street Fighter. Ile ya pili, ya mwaka 1991, ina vitufe 6, ngumi 3 na mateke 3, na moto wa Ryu, mpiganaji wake mmoja, hautoki kwa kubonyeza tu. Unauzungusha: chini, chini-mbele, mbele, halafu ngumi. Robo duara. Watoto wote wa mtaa nimewafundisha kwa kuwapiga makofi ya mgongo: "Robo duara! Chini, pembeni, mbele!"

Sasa mtoto wa kaka yangu ana banda la gemu pale pale barazani kwa shangazi, akaleta Street Fighter 6, iliyotoka mwaka 2023. Humo kabla ya pambano unachagua namna ya kuongoza. Kuna Classic, vitufe 6 vyetu vile vile. Kuna Modern, ambayo pigo la kipekee linatoka kwa kitufe kimoja na mshale, bila duara. Ila ukilitoa kwa mkato huo linapunguzwa nguvu asilimia 20, ndiyo ada ya uvivu. Nilimcheka sana fundi baiskeli wa jirani, aliyebakiwa na vidole viwili mkono wa kulia, alipoichagua. Akanipiga mara nne mfululizo. Nikaacha kucheka, nikasema jua lilikuwa linanipiga machoni. Ilikuwa saa mbili usiku.

Halafu kuna ya tatu, Dynamic. Hii ni aibu iliyokamilika. Wewe bonyeza tu. Mashine yenyewe inaangalia umbali wa adui na kuchagua pigo linalofaa. Ukicheza na watu kwa intaneti hairuhusiwi kabisa. Ni ya nyumbani, ya mgeni aliyekuja kunywa chai.

Ndiyo niliyokuwa naitumia.

Msinihukumu. Kidole gumba changu kimezeeka kabla yangu, na watoto wa darasa la tano walishaanza kuniita "ba'mdogo wa zamani". Nikajaribu Dynamic usiku mmoja banda limefungwa, nikaona raha. Tatizo, gemu inakuumbua: karibu na jina la mchezaji inaweka herufi, C, M au D. Mtoto mmoja akauliza, "Ba'mdogo, mbona yako D?"

Nikajibu bila kupepesa. "C ni Chipukizi. M ni Mwanafunzi. D ni Daktari. Hufiki D bila kusota."

Wakaamini! Mwenye banda alijua ukweli, nikamfunga mdomo kwa shilingi elfu mbili. Kuanzia hapo nikawa Daktari. Wiki nzima sikupigwa.

Idi pili, banda limejaa kanzu na harufu ya udi, shangazi akatoka ndani kuwaita wajukuu wake wakale. Akanikuta nahutubia.

"We Daktari wa nini, na kuoa kumekushinda?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimelea wanaume sita mie, ngumi nazijua kabla yako. Nipe hicho kidude."

Watu wakapiga kelele. Tukawekeana dau: nikimshinda, hataniuliza tena nitaoa lini mpaka Idi ijayo. Akinishinda, namkunia nazi za jioni, maana alikuwa na wageni kutoka Pangani na wali wa sufuria mbili.

Hapa niseme ukweli, kwa kuwa Mungu aliona. Upande wangu nikachagua Ryu, D. Upande wa shangazi nikamchagulia Zangief, lile pande la mtu la mieleka lenye kifua cha manyoya kama zulia, tena Classic. Pigo lake kuu halitaki robo duara, linataka duara zima. Mama wa miaka 67! "Huyu ndiye wako, shangazi, ana nguvu," nikamwambia. Akamtazama. "Huyu hana mke wa kumwambia avae?"

Raundi inataka kuanza, shangazi akaigeuza pedi yake, akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Inanata. Nani kaishika na shira ya kaimati? Lete hiyo yako."

Akaninyang'anya pedi. Yake akaniwekea mapajani.

Pedi ndiyo mtu, msomaji. Pedi yangu ilikuwa Ryu na D yake. Pedi yenye shira ilikuwa Zangief na duara zima.

"Turudi nyuma tuchague upya," nikasema.

"Kwa nini, ba'mdogo?" akauliza mwenye banda, kwa upole wa mtu aliyekwisha kula elfu mbili zangu.

Ningesema nini mbele ya watu 20? Nikanyamaza. Kengele ikalia.

Shangazi alicheza kwa gumba moja. Mkono wa pili alikuwa anatengeneza mtandio na kumweleza jirani dirishani habari za bei ya mchele. Bonyeza, moto. Bonyeza, teke. Niliposogea, Ryu akapaa na ngumi ya kidevu. Mimi nazungusha duara zima nakwama kwenye shira, na duara likipita juu Zangief anaruka. Pande zima la mtu linarukaruka kama chura wa Amboni, linatua juu ya ngumi.

"Anafanya nini huyo?" shangazi akauliza. "Anaruka kamba?"

Raundi ya pili nilikuwa naomba umeme ukatike. LUKU ya banda lile huisha kila siku pambano likinoga, kila siku! Nikainua macho kwenye mita. Yuniti 84. Kijana kajaza kwa ajili ya sikukuu.

Nilipoanguka, mwenye banda alishaanguka zamani kutoka kwenye kreti ya soda kwa kicheko, na watoto wameona ile D upande wa shangazi. "Daktari! Bibi Daktari!" Sauti zikafika mpaka nyumba ya tatu, akatoka mzee mmoja na mkongojo kuuliza daktari aliyefika anaangalia magoti.

Ningeweza kukiri. Niliufungua mdomo kabisa. Lakini kukiri ilikuwa kusema wiki nzima nilikuwa nadanganya watoto, na kwamba nilimpa mama mtu mzima duara zima kwa makusudi. Nikaufunga, nikavua kanzu, nikaenda kwenye mbuzi.

Nazi ya tisa gumba likaanza kutoa lengelenge. Shangazi kakaa kitini, kashika kashata, anatazama mkono wangu unavyokwenda.

"Hivyo sivyo, mwanangu, unaacha nyama nyingi kifuuni," akasema, na watoto wote nyuma yake wakaitikia kwa pamoja kama nilivyowafundisha: "Robo duara, ba'mdogo! Chini, pembeni, mbele!"