Cheti cha binti, lori la tajiri

Kila AGPO ikitajwa, ule mpango wa Kenya wa kutengea vijana, akina mama na watu wenye ulemavu sehemu ya tenda za serikali, watu wanarukia kitu kimoja, eti vijana wameuza vyeti vyao vya kuombea hizo tenda kwa makampuni makubwa. Na ni kweli wanauza. Tenda ya ile asilimia 30 ya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, iliyozinduliwa 2013, inachukuliwa na kampuni ya binti wa miaka 26, lakini lori linaloshusha mzigo limetoka stoo ya tajiri Industrial Area, binti anabaki na asilimia 5 yake. Ripoti inahesabu jina, haihesabu lori. Wanaokasirika nawaelewa, hapo hakuna kijana aliyejifunza biashara.

Lakini mi naomba tukae kidogo na huyo binti. Kuna dada namjua alipata LPO, yaani oda rasmi ya manunuzi, ya shilingi 620,000 kupeleka karatasi na tona kwa ofisi moja ya serikali. Benki ikamwambia alete logbuku, gari hana. Akaenda kwa shailoki, wale wakopeshaji wa riba kali, akachukua 500,000, riba asilimia 10 kwa mwezi. Faida yake yote ilikuwa 120,000. Sasa piga hesabu, mwezi wa tatu riba imefika 150,000, faida imeisha na lile deni liko palepale, na ofisi ilikuja kulipa mwezi wa tisa, kila akipiga simu anaambiwa faili iko kwa akaunti, akienda akaunti anaambiwa IFMIS, ule mfumo wa malipo wa serikali, imelala. Riba 450,000 jamani, kwa mtu aliyeleta mzigo siku aliyoambiwa. Tenda ya pili tajiri alipompigia na keshi mkononi, mlitaka ajibu nini?

Na si yeye tu, kufikia Juni 2024 bili ambazo serikali kuu na mashirika yake hazijalipa zilikuwa zimepita bilioni 500. Tajiri anaweza kungoja mwaka mzima, ana overdrafti na tenda zingine kumi. Mdogo alifunguliwa mlango wake, lakini malipo anapanga foleni moja na huyo mkubwa.

Kuna wanaosema futa vyeti vya wanaokodisha. Sawa, futeni, ila lori litatafuta cheti kingine. Sheria ya ununuzi ya 2015 yenyewe inasema ofisi ikichelewesha malipo inadaiwa riba. Nilimuuliza yule dada kama aliwahi kuidai. Akacheka, akaniuliza, na mwaka ujao nikitaka tenda naenda wapi, si hapo hapo?