Siku 30 za baraza la kata

Kaa kwenye benchi la ofisi ya kata yoyote pembezoni mwa Dodoma, hutakosa kusikia kwamba baraza limeng'olewa meno. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, likabakiwa na kusuluhisha tu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka kata ithibitishe kuwa suluhu imeshindikana, au siku 30 zipite bila mwafaka.

Manung'uniko hayo si ya bure. Mzee mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba la uwele zamani alikwenda kwa miguu, akasikilizwa bila wakili, maana mawakili hawakuruhusiwa pale. Sasa suluhu ikigoma anatafuta nauli ya wilayani. Na mwenye fedha anaweza kukaa kimya tu siku zikaisha. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja: siku 30 za Julai unazivumilia, za Desemba zinakula chakula cha mwaka mzima.

Ila meno yale yalimng'ata nani? Kikomo cha baraza kilikuwa mali ya shilingi milioni 3. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mashamba yakageuka viwanja, na watu wakaanza kubishania kama bei imevuka kikomo hicho kabla hawajafika kwenye mpaka.

Kubwa zaidi ni akidi. Sheria ilitaka wajumbe wanne hadi wanane, wanawake wasipungue watatu. Katibu anaandika "wajumbe walikuwepo", anafunga daftari. Mtu anashinda kata, anashinda wilaya, anashinda Mahakama Kuu. Miaka imekwenda, mbuzi wameuzwa. Kisha Mahakama ya Rufani inafungua lile daftari, haioni majina wala jinsia ya waliokaa, na kila kitu kinafutwa tangu mwanzo. Ameshinda mara tatu na hana hukumu hata moja mkononi! Wanaolilia baraza la zamani sijawasikia wakimtaja mtu huyu.

Waliopita Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kesi za kazi wanajua kuwa kusuluhisha na kuamua ni mambo mawili. Hukumu itasema shamba ni la nani, basi. Wazee wanaomkumbuka aliyepanda ile minyaa ya mpakani wanaweza kusema: mama huyu avune karanga zake kwanza, tusogeze mpaka baada ya mavuno. Wakikubaliana, hakuna wa kukata rufaa.

Mimi nisingerudisha meno. Ningegusa zile siku 30 tu: aliyeitwa akipuuza wito wa kwanza bila sababu, mlalamikaji apewe cheti siku hiyohiyo aende wilayani, hasa kama mawingu yameshaanza kutanda.