Kaizari Aliyeachiwa Wino

Wiki mbili zilizopita mwajiri wangu alitugharamia semina ya siku nzima katika ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam. Mhamasishaji aliyealikwa, kijana mwenye suti ya bluu iliyombana na kipaza sauti cha kubandika shavuni, alifungua kwa kisa ambacho bila shaka nawe umeshatumiwa kwenye simu si chini ya mara tatu. Napoleon, alisema, akiwa mfungwa katika kisiwa cha Saint Helena, aliletewa na rafiki yake zawadi ya sataranji. Ndani ya kete mojawapo mlifichwa karatasi yenye mpango wa kutoroka. Kaizari akaichezea sataranji hiyo miaka nenda miaka rudi bila kuwaza kuifungua, akafa mfungwa na njia ya kutokea ikiwa kiganjani mwake. Ukumbi mzima uliguna. Mama mmoja wa idara ya manunuzi, aliyekaa mbele yangu, alitikisa kichwa akasema, "Masikini, jamani." Nilinyamaza, kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa hakijaletwa na sikutaka ugomvi kabla ya pilau.

Lakini lile "masikini" limenikaa rohoni tangu siku hiyo, na leo nalitapika.

Kisa cha kete yenye karatasi kina harufu zote za uzushi, na kinachoniudhi ni kwamba kisa cha kweli cha sataranji kipo na ni kitamu zaidi. Mwingereza mmoja, John Elphinstone, ambaye ndugu yake alijeruhiwa siku moja kabla ya vita vya Waterloo akaokolewa kwa msaada wa Napoleon mwenyewe, alimtumia Kaizari kutoka China sataranji ya pembe za ndovu kama shukrani. Kete zilikuwa na herufi N na alama za kifalme. Gavana wa kisiwa, Sir Hudson Lowe, hakuona ramani yoyote ndani yake. Aliona taji, na kwa sababu serikali yake ilikuwa imeamuru kwamba mfungwa yule aitwe Jenerali Bonaparte na si Kaizari, zawadi ile ikawa ni mgogoro wa kiserikali. Watu wazima, wenye nishani vifuani, waligombana kuhusu herufi moja iliyochongwa kwenye kete za mchezo. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya Saint Helena kuanzia Oktoba 1815, meli ya Northumberland ilipotia nanga, hadi jioni ya tarehe 5 Mei 1821, mgonjwa alipokata roho.

Wale wanaodai aliuawa kwa sumu nao nitawapa sentensi moja tu: waliompasua walikuta tumbo lililoliwa na ugonjwa, baba yake naye alikuwa amekufa kwa maradhi ya tumbo, na mwenye kutaka kuendelea kupima nywele zake na aendelee.

Sasa tumtendee haki, ingawa nafanya hivyo kwa shingo upande. Nyumba ya Longwood, alimowekwa, ilijengwa juu kwenye uwanda wa kisiwa, mahali penye upepo usiotulia, ukungu na unyevu uliozifanya karatasi za ukutani zibanduke, na panya walikuwa wengi kiasi kwamba wakazi wote walioandika habari za nyumba ile waliwataja. Aliwekewa mpaka wa kilomita 19 hivi wa kuzunguka kwa farasi bila kuandamana na ofisa, na kila siku ofisa alipaswa kuhakikisha kwa macho yake mwenyewe kwamba mfungwa bado yumo, jambo ambalo mfungwa alilikomoa kwa kujifungia ndani na kuchungulia nje kupitia matundu ya vilango vya madirisha. Hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Hudson Lowe alikuwa mtu mdogo wa roho, mwenye kuogopa barua: kuna kitabu alichotumiwa mfungwa kikazuiwa kwa sababu tu ndani yake kiliandikwa jina la Kaizari. Na ugonjwa wa mwisho ulikuwa mateso ya kweli. Haya yote nayakubali.

Ila nayakubali nikiwa nimeshika mkononi habari za mfungwa mwingine, na hapo ndipo huruma yangu inapokauka.

Mwaka 1802, miaka 13 kabla ya kupandishwa meli yeye mwenyewe, Napoleon alikuwa mtawala wa Ufaransa na alikuwa ametuma jeshi kubwa Saint-Domingue, koloni tunalolijua leo kwa jina la Haiti. Huko alikuwako Toussaint Louverture, mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa jenerali wa jeshi la Ufaransa na gavana wa koloni lile baada ya Ufaransa yenyewe kufuta utumwa mwaka 1794. Tarehe 20 Mei 1802 ikatiwa saini Paris sheria ya kuurudisha utumwa makoloni. Wiki tatu hazijapita, Toussaint akaalikwa kwa barua ya jenerali mmoja wa Kifaransa, barua yenye maneno matamu ya urafiki, aende kwenye mazungumzo. Alipofika akafungwa kamba, akapakiwa melini pamoja na mke na wanawe, na ng'ambo ya bahari wakatenganishwa. Yeye alipelekwa katika ngome ya Joux, kwenye milima ya Jura karibu na mpaka wa Uswisi, mahali ambapo theluji hukaa miezi. Fikiria mzee aliyeishi maisha yake yote katika joto la Karibi, akitupwa ndani ya chumba cha mawe chenye dirisha lililozibwa karibu lote, kuta zikitiririka maji.

Hakushtakiwa kwa lolote. Aliomba ahukumiwe na mahakama, mara moja, mara mbili; aliandika maelezo marefu ya utumishi wake, akamwandikia Napoleon kwa unyenyekevu unaouma kuusoma, askari akimwandikia askari, na hakujibiwa hata neno. Wakamvua sare ya jenerali. Wakaelekeza kwamba aitwe Toussaint, basi, bila cheo. Mtumishi wake mmoja aliyemfuata hadi huko wakamwondoa. Kuni za kuota moto zikapunguzwa kadiri baridi ilivyozidi. Mwishoni wakamnyang'anya kalamu, wino na karatasi, kwa sababu barua zake zilikuwa zinamchosha mpokeaji. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1803 mlinzi alimkuta ameketi karibu na meko, amekwisha kufa. Alizikwa pale pale ngomeni, na ngome ilipojengwa upya mifupa yake ikapotelea humo.

Sasa rudi Longwood. Mtu yule yule aliyeamuru hayo anakaa mezani, ana majenerali wawili watatu wa kumsimamia akila, ana mpishi, ana mtumishi wa kumvalisha, ana daktari, ana farasi, ana maktaba, na bajeti ya nyumba yake inabishaniwa kati ya pauni 8,000 na pauni 12,000 kwa mwaka. Analalamika kwamba mvinyo ni mbaya. Mwaka 1816 anaamuru vyombo vyake vya fedha vivunjwevunjwe na kuuzwa mjini Jamestown, mchana kweupe, ili ulimwengu uone jinsi Waingereza wanavyomnyima riziki. Na juu ya yote analalamika kwamba hawamwiti kwa cheo chake! Sijui kama usiku mmoja, upepo wa Longwood ukivuma, alimkumbuka mzee mmoja wa Jura aliyevuliwa cheo kwa agizo lake. Kuhusu Saint-Domingue aliwaambia wenzake uhamishoni kwamba lilikuwa kosa kubwa, na kwamba ingekuwa bora kukitawala kisiwa kile kupitia kwa Toussaint. Soma tena maneno hayo polepole. Ni majuto ya mcheza sataranji aliyesogeza kete vibaya.

Tofauti kubwa kati ya wafungwa hawa wawili, kuliko hata kuni na mvinyo, ni wino. Saint Helena ilikuwa karakana ya maandishi. Kati ya wafuasi wake wa uhamishoni, Las Cases aliandika, Gourgaud aliandika, Montholon aliandika, Bertrand aliandika, Marchand aliyekuwa mtumishi wa chumbani aliandika, na madaktari nao hawakubaki nyuma. Kaizari alitembea chumbani mikono nyuma akisimulia vita vyake, na kalamu zikamfuata. Las Cases alifukuzwa kisiwani mwishoni mwa mwaka 1816, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1823 kikasomwa Ulaya nzima. Aliyeshindwa Waterloo akashinda madukani. Yule dikteta aliyerudisha utumwa akageuka kuwa rafiki wa mataifa na uhuru, aliyesulubiwa juu ya jabali na gavana mwenye roho mbaya. Mhamasishaji wetu wa suti ya bluu, bila kujua, analipwa posho kwa kazi iliyoanzwa na Las Cases.

Kisiwa chenyewe kilikuwa na watumwa wakati wote huo, na katika maelfu ya kurasa zile wanapita kama vivuli. Mmoja tu anakumbukwa kwa jina, mzee Toby, Mmalei aliyekuwa mtunza bustani kwenye nyumba ya akina Balcombe, ambako Napoleon alikaa wiki zake za mwanzo. Napoleon alimpenda, akataka kulipia ukombozi wake, na wakubwa wakakataa. Nalitaja hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu litanisumbua nisipolitaja. Lakini nitataja na lingine: Hudson Lowe, shetani wa vitabu vyote vile, ndiye aliyewashawishi wenye watumwa wa kisiwa wakubali kwamba kila mtoto atakayezaliwa na mtumwa kuanzia Krismasi ya mwaka 1818 awe huru. Hilo mbona hatutumiwi kwenye simu?

Halafu kuna mwaka 1840. Napoleon alikuwa amelala miaka 19 katika bonde lenye chemchemi na miti, chini ya jiwe lisilo na maandishi, kwa sababu Wafaransa walitaka liandikwe "Napoleon" na Lowe akashikilia liongezwe "Bonaparte", wakashindwana. Tarehe 15 Oktoba 1840 kaburi likafunguliwa kwa heshima, mwana wa mfalme wa Ufaransa akaja na manowari, mwili ukarudishwa Paris na leo uko chini ya kuba la Les Invalides. Mwaka huo huo Waingereza walianza kuishusha Saint Helena mizigo mingine: Waafrika waliokamatwa ndani ya meli haramu za watumwa, wengi wakiwa taabani kwa ndui, kuhara na njaa. Kwa miaka thelathini na ushei walishushwa watu wapatao 25,000, wengi wao vijana na watoto, na kiasi cha 8,000 wakafukiwa katika bonde la Rupert, upande wa pili wa kilima kutoka Jamestown. Barabara ya uwanja wa ndege ilipokuwa ikitayarishiwa njia mwaka 2007 na 2008, mifupa ya watu 325 ilitolewa, ikawekwa ndani ya maboksi katika chumba cha stoo karibu na gereza la mji, na ikakaa humo hadi mwaka 2022 ndipo ikazikwa tena. Kaburi tupu la Napoleon, ardhi yake ni mali ya Ufaransa tangu mwaka 1858, na nyasi zake zinafyekwa.

Nirudi kwenye hoja, na kilichobaki ni kile kilichonifanya nishindwe kuimeza ile "masikini" pamoja na pilau. Tulikuwa Dar es Salaam. Katika mji huu huu aliishi kwa miaka ishirini hivi mtu ambaye naye aliishia kuvushwa hadi Saint Helena: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Unguja siku mbili tu mwezi Agosti 1896 kabla manowari za Waingereza hazijaibomoa kasri kwa dakika 38, akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani, akahifadhiwa huku bara. Vita Kuu ilipofika hapa Waingereza wakamkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni, Saint Helena na Shelisheli, na hatimaye wakamruhusu arudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Shuleni tulifundishwa zile dakika 38 tu, na darasa zima lilicheka, mimi nikiwamo. Dinuzulu wa Wazulu alikuwa amemtangulia kisiwani humo, kuanzia mwaka 1890 hadi 1897, na huyo hata dakika hakupewa.

Wakati wa chai ya saa kumi nilimsimulia habari hizi mzee mmoja wa idara ya hesabu, mwenyeji wa Malindi, Unguja, mtu anayekunywa chai yake kwa kuimimina kwenye kisahani. Alikiweka kisahani chini.

"Kumbe Sayyid Khalid naye alifikishwa huko kwa Napoleon? Sisi nyumbani, bibi zetu walikuwa wakifika hapo wanasema, 'alichukuliwa na Wazungu,' basi, na taa inazimwa tulale."

Nilitaka kumuuliza bibi zake walisema nini kingine, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa na tukaitwa ndani. Mada ya pili ilikuwa ni uongozi wa Aleksanda Mkuu.