Udhibiti bora: masharti ya Pontryagin kwanza, au nukta kwanza?

Kigari kimesimama mita 1 kutoka shabaha. Mchapuko wake hauzidi 1 m/s² mbele au nyuma, nacho kifike na kusimama kwa muda mfupi kabisa. Jibu linajulikana: sukuma kwa nguvu zote sekunde 1, kisha breki kwa nguvu zote sekunde 1. Hilo ni tatizo la udhibiti bora: kutafuta amri iliyo bora kuliko zote. Ubishi uko kwenye namna ya kulipata jibu kwa kompyuta: kuanza na masharti ya hisabati ambayo jibu bora lazima liyatimize, au kuanza kwa kuugawa muda kwa nukta.

Njia ya mzunguko huanzia kwenye kanuni ya upeo ya Pontryagin ya miaka ya 1950. Kila kigeu cha hali (kwa kigari, mahali na kasi) hupewa mwenzake, kostate, inayopima jinsi badiliko dogo la kigeu hicho lingebadilisha gharama, halafu thamani za mwanzo za kostate hubahatishwa na kurekebishwa hadi masharti ya mwisho yatimie; huko ndiko kulenga. Kostate ya kasi ya kigari ni mstari ulionyooka. Hukata sifuri mara moja tu, na hapo ndipo breki huingia. Usahihi huo hauna mpinzani. Ila hali inayotulia kwa e⁻ᵗ ina kostate inayolipuka kwa eᵗ: katika sekunde 20, kosa la kubahatisha hukuzwa takribani mara milioni 485. Ukikata muda vipande 20, kila kipande hukuza mara 2.7 tu. Hata hivyo lazima ujue mapema vikomo vya hali, kama kasi ya juu kabisa, vitaguswa kwa mpangilio gani, na kwangu hiyo ndiyo gharama inayowakimbiza wengi.

Njia ya moja kwa moja haidai hayo. Gawa muda vipande 50 kwa kanuni ya trapeza, inayochukua wastani wa ncha mbili za kila kipande: nukta 51, vigeu 154 (mahali, kasi na udhibiti kwa kila nukta, pamoja na muda wa mwisho), masharti 100 ya mwendo na 4 ya mipaka. Kisuluhishi kama IPOPT, programu ya kutafuta thamani bora chini ya masharti, mara nyingi hukubali hata makisio ya ovyo. Lakini mruko kutoka +1 hadi −1 husambaa angalau kipande kizima, sekunde 0.04. Katika matatizo mengine mgawo wa udhibiti (kwa kigari, ile kostate ya kasi) ukibaki sifuri kwa muda, udhibiti hutoa meno ya msumeno, na kuongeza nukta mara nyingi huyachongoa zaidi. Adhabu ndogo ya u², u ikiwa udhibiti, huyalainisha. Basi umetatua tatizo jingine, jirani.

(Pande zote mbili, zinapotumia kikokotozi cha mwendo, huweza kuangushwa na kosa moja: kupima miteremko kwa kusogeza kigeu 10⁻⁸ huku kikokotozi cha hatua zinazobadilika kimeruhusiwa kosa la 10⁻⁶. Kelele yaweza kuwa mara 100 ya badiliko lenyewe.)

Kwa hiyo anza na nukta, lakini usiamini mchoro. Vizidishi vya masharti ya mwendo, namba ambazo kisuluhishi hukipa kila sharti, hukaribia kostate; vitumie kukokotoa Hamiltoni, yaani gharama ya kila sekunde (hapa 1) jumlisha kila kostate mara kasi ya badiliko la kigeu chake. Kwa kigari, ambacho muda wake wa mwisho uko huru, iwe sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikiyumba, ongeza nukta pale inapoyumba, au vichukue vizidishi hivyo viwe makisio ya kulenga.