Bahari inapanda, lakini nani anaipima ardhi?

Hapa Njiro, Arusha, jirani yangu anajenga. Juzi nilisimama kumtazama fundi wake akihamisha levo kwa mpira wa maji, ule unaoonyesha ndani. Ncha moja aliishika yeye kwenye nguzo ya kwanza, nyingine kijana wake akaivuta hadi kona ya mbali. Maji yakatulia, akapiga alama kwa penseli. Halafu akarudi kwenye ile nguzo ya kwanza, akaanza kuipima upya kutoka ukuta wa zamani wa jirani. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. "Mzee, kama hii imeshuka, nyumba nzima nimeipima uongo."

Jibu lile lilinirudisha kwenye ubishi ambao umeshika kasi kati yangu na wenzangu. Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, uliiomba Mahakama ya Afrika, hapa hapa Arusha, itoe maoni kuhusu wajibu wa nchi katika mabadiliko ya tabianchi. Tangu hapo, sisi tunaoishi mita 1,400 hivi juu ya bahari tunaijadili bahari kana kwamba iko mtaa wa pili, Kijenge. Na kila anayegusia majiji kuzama yenyewe, ardhi kushuka chini ya nyumba za watu, anaambiwa anawatafutia wachafuzi mlango wa kutokea.

Hofu hiyo ina msingi, nami naiheshimu. Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Tangu setilaiti zianze kuipima mfululizo mwaka 1993, imeongezeka kama sentimita 10, na mwendo unazidi kuwa wa kasi. Waliochoma mafuta na makaa ya mawe kwa zaidi ya karne moja wanajulikana. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 baada ya miaka mingi ya kuombaomba. Mtu akija leo na ripoti kwamba jiji fulani linazama kwa sababu ya visima vyake lenyewe, kwamba maji yakivutwa chini ardhi hujibana na kushuka, tajiri ataishika kwa mikono miwili.

Lakini hebu turudi kwenye nguzo ya fundi. Kifaa kinachopima maji kujaa na kupwa kimefungwa kwenye gati, na gati limesimama juu ya ardhi. Gati likishuka sentimita moja, kifaa kitaandika kwamba bahari imepanda sentimita moja. Hakidanganyi, kinapima bahari kwa kulinganisha na pale kilipofungwa, basi. Ndiyo maana wataalamu wanataka pembeni yake kiwepo kipokezi cha GPS cha kudumu, kiseme ardhi yenyewe inafanya nini.

Kuna namba moja inayonikosesha usingizi. Utafiti wa Robert Nicholls na wenzake, uliochapishwa 2021, ulikuta kwamba ukichukua pwani yote ya dunia, bahari inapanda dhidi ya ardhi kwa milimita 2.5 hivi kwa mwaka. Ukihesabu kwa kufuata mahali watu walipo, inakuwa kati ya milimita 7.8 na 9.9. Bahari ni ile ile. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya pwani haina watu, na watu wamejazana kwenye midomo ya mito, juu ya tope laini, wakivuta maji ya chini. Milimita 2.5 kwa miaka 20 ni sentimita 5, urefu wa kidole gumba. Milimita 9 kwa miaka hiyo hiyo ni sentimita 18, karibu shibiri nzima. Usiku wa bamvua, hiyo ndiyo tofauti ya maji kuishia kizingitini na maji kuingia chini ya kitanda. Wastani huo unavutwa juu na majiji ya Asia, ni kweli. Kaskazini mwa Jakarta kuna mitaa iliyoshuka mita kadhaa tangu miaka ya 1970.

Sehemu hiyo ya tatizo inatibika ndani ya umri wa mtu mmoja, na wenzangu wanairuka. Tokyo, mitaa ya mashariki ilishuka zaidi ya mita 4 katika karne iliyopita. Serikali ikabana uvutaji wa maji ya chini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kushuka kulikuwa kumepungua mno. Venice nayo ilifunga visima vya viwandani. Miji hiyo miwili haikusubiri hukumu ya mahakama kufunga pampu.

Na kwetu? Kifaa cha Zanzibar kimekuwa kikiandika tangu 1984, na kwa takriban miaka 20 ya mwanzo mstari wake ulielekea chini, wakati bahari za dunia zinapanda. Upepo wa kaskazi na kusi, joto la maji, mwendo wa ardhi, vyote vinaweza kuusukuma. Asiyevitenganisha anaweza kuuchukua mstari huo akatangaza kwamba bahari haipandi. Dar es Salaam, pwani ya Kunduchi imeliwa hadi hoteli ya Africana ikapotea, na huko mchanga uliochotwa mitoni unalaumiwa sana. Visima navyo viliongezeka kwa wingi baada ya ukame wa 1997. Sisemi Dar inazama. Nasema lipimwe: rada ya setilaiti ya Sentinel-1, iliyorushwa 2014, inaona mwendo wa milimita, na picha zake hutolewa bure.

Rafiki yangu mwanasheria alinisikiliza hadi mwisho. "Ndugu yangu," akasema, "wakili wa upande wa pili atasoma ukurasa wa visima tu, afunge faili." Inawezekana. Lakini ukurasa huo tusipouandika sisi, atauandika yeye, kwa picha zile zile za bure, na atachagua mwenyewe mwaka wa kuanzia. Nikamwomba afanye jambo moja kwenye maelezo anayoyaandaa: bahari milimita ngapi na ardhi milimita ngapi, ziwe kwenye sentensi moja, zisitenganishwe hata na nukta.