Usiiambie Samba Ilale Sekunde 30

Umeme unakatika, unarudi, seva inawaka yenyewe. Wenzako wanafungua folda ya pamoja inayogawiwa na Samba, programu ya kugawana faili kwenye mtandao, na hawaoni kitu. Unaingia kwenye seva, unaandika systemctl restart smbd ili kuiwasha Samba upya, mambo yanakaa sawa. Umeme ukikatika tena, ni yale yale. Dawa ambayo watu hupeana ni kuweka sleep 30, yaani ngoja sekunde 30, kwenye skripti ya kuwashia. Naipinga dawa hiyo kabisa.

Kwanza hakikisha huduma ya Samba imeandikishwa. Amri ya start huiwasha sasa hivi tu. Enable ndiyo huifanya iwake kila kompyuta inapowaka. Kwenye Debian na Ubuntu huduma inaitwa smbd, kwenye Fedora ni smb. Ikiwa imeandikishwa na bado inasumbua, basi huenda inawaka kabla ya wakati wake.

systemd, programu inayowasha huduma kwenye Linux, huwasha nyingi kwa mpigo, na haijui ipi imtegemee nani mpaka iambiwe. Jina network.target, moja ya hatua za kuwaka ambazo huduma inaweza kuambiwa izingoje, limewapotosha wengi: maana yake ni kwamba programu ya kusimamia mtandao imeanza kazi, si kwamba anwani ya IP imepatikana. Anayetaka mtandao ulio tayari aitaje network-online.target.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni diski. Nilikuwa na diski ya nje iliyopachikwa (yaani iliyounganishwa) kwenye folda ya /srv/faili, na kwenye fstab, faili lenye orodha ya diski za kupachika, nilikuwa nimeiwekea nofail ili seva isikwame ikikosekana. Siku moja diski ilichelewa kuamka. Samba haikulalamika, iligawa folda tupu iliyokuwa pale pale kwenye diski ya mfumo. Mwenzangu akahifadhi hati yake humo. Muda mfupi baadaye diski ikapachikwa juu ya folda hiyo, na hati ikatoweka machoni. Tuliitafuta jioni nzima. Nilipoondoa diski kwa umount, ndipo ikaonekana, imekaa chini kule kule ilikoandikwa.

Sekunde 30 zisingetuokoa. Diski ikihitaji kukaguliwa na fsck, huenda ikachukua dakika kadhaa. Ikiwa nzima, unangoja bure. Ni kubahatisha, na faili za watu si za kubahatisha. Iambie systemd ukweli. Andika systemctl edit smbd, kisha weka:

[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/faili
Wants=network-online.target
After=network-online.target

Sasa Samba haiwaki mpaka diski iwe imepachikwa, na ikishindikana, haiwaki kabisa. Wapo wanaosema hilo ni baya zaidi. Mimi naona ni afadhali mara mia: mtu akikosa folda atapiga simu, lakini akikuta folda tupu anaweza kuanza kuandika ndani yake.

Baada ya hapo usiridhike na neno active kwenye skrini, maana hata siku ile lilikuwepo. Zima seva kabisa, iwashe, usiiguse. Nenda kwenye kompyuta nyingine, fungua folda, hifadhi faili, ifungue tena. Ikigoma, journalctl -b -u smbd itakuonyesha yaliyotokea tangu kuwaka. Mimi hurudia jaribio hilo mara tatu, na mara moja kati ya hizo naichomoa diski kwa makusudi nione kama Samba itakataa kuwaka.